Keki ya Matunda na Jibini Laini: Njia Moja ya Kutumia Maziwa Yanayokosa Soko



Kila mwaka mvua ndefu zikifika tunapata malalamiko yale yale. Nyasi ni nyingi, ng'ombe anakamuliwa vizuri, lakini barabara ni tope, gari la maziwa halifiki, na yule mnunuzi wa pikipiki anataka kununua kwa bei ya kutupa. Tumeona mama amesimama kando ya barabara na mtungi wake hadi saa tano, kisha akarudi nyumbani kuwapa ndama maziwa ambayo yangelipa karo. Hilo linaumiza.

Mwezi huu tunataka kueleza jinsi ya kugeuza lita moja ya maziwa hayo kuwa keki ya matunda yenye jibini laini ndani. Si keki ngumu. Wazungu huko Marekani ndio walioipa umaarufu jibini ya namna hii; ilianza kutengenezwa kwa kuuzwa katika jimbo la New York miaka ya 1870. Ile ya dukani ni ghali mno na inapatikana kwenye supamaketi za miji tu. Lakini ukichunguza, si kitu cha ajabu. Ni maziwa yaliyoganda, yakachujwa maji. Ninyi mnao mala nyumbani, kwa hiyo nusu ya kazi mnaijua tayari.

Jibini kwanza

Anza jana yake. Chukua lita moja ya maziwa mazima, usiondoe utando wa juu, kwa sababu huo utando ndio unaoifanya jibini iwe laini na tamu. Chemsha mpaka yafoke. Hapa hatutaki mjadala. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na wale wanaougua brusela wanajua jinsi joto na maumivu ya viungo vinavyorudi kila mara. Usiseme kwamba jiko la keki litaua vijidudu baadaye. Maziwa yatakaa usiku kucha, mtoto atachovya kidole, na wewe mwenyewe utaonja. Chemsha kabla.

Yaache yapoe mpaka ukiweka kidole ndani usikie uvuguvugu tu. Koroga ndani vijiko 3 vikubwa vya mala nzuri, funika, weka mahali penye joto mpaka kesho asubuhi. Yakiganda kama uji mzito, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, funga ncha nne, tundika juu ya sufuria. Baada ya saa 6 hadi 8 maji yatakuwa yametoka, na ndani ya kitambaa utapata jibini nyeupe, karibu theluthi moja ya kilo. Tia chumvi kidogo sana, uipige kwa mwiko mpaka isiwe na madonge.

Kuna vikundi vilivyotuambia kwamba maziwa yao yalikataa kuganda, yakabaki maji maji na harufu mbaya. Tulipouliza zaidi, kumbe ng'ombe alikuwa amedungwa sindano kwa ajili ya ugonjwa wa kiwele. Dawa ile hupita kwenye maziwa na kuua vile vijidudu vizuri vinavyogandisha mala. Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayafai keki, hayafai chai, wala hayafai kuuzwa, mpaka zile siku alizosema daktari wa mifugo ziishe. Mwenye ng'ombe aseme ukweli kwenye kikundi. Mtu mmoja akinyamaza, maziwa ya wote yanaharibika.

Na kwa wenzetu wa Bonde la Ufa: mursik ni chakula cha heshima, lakini msiitumie hapa. Ule mkaa wa kibuyu utaifanya keki iwe ya kijivu, na wageni watauliza maswali.

Matunda lazima yapikwe

Tumia tunda lililo kwenye msimu, lile linaloanguka na kuoza chini ya mti. Ukambani na Pwani kuna maembe. Thika kuna mananasi. Sehemu za baridi kuna matunda damu na karakara. Mapera nayo ni mazuri sana, lakini uyachuje mbegu.

Kata vikombe 2 vya matunda, ongeza vijiko 3 vikubwa vya sukari na kijiko 1 kikubwa cha unga wa ngano uliokorogwa kwa maji kidogo. Pika kwa moto wa polepole mpaka iwe nzito, ukipitisha mwiko uone alama inabaki. Iache ipoe kabisa.

Mama mmoja alituuliza kwa nini asiweke nanasi bichi, maana ndivyo linavyoliwa. Sababu ni hii. Nanasi bichi lina kitu ndani yake kinachovunja vunja protini. Ndicho kinachokufanya usikie ulimi unawasha ukila nanasi jingi. Kikikutana na jibini, jibini inakuwa maji na uchungu. Papai bichi nalo ni hivyo hivyo, ndiyo maana watu hulitumia kulainisha nyama ngumu. Ukichemsha tunda, nguvu hiyo inakufa. Tena tunda bichi linatoa maji mengi, na keki itakaa mbichi katikati hata ukichoma gunia zima la makaa.

Kuchanganya

Tafuteni kikombe kimoja cha mililita 250 na mkitumie hicho hicho kwa kila kitu. Vikundi vingi vinaharibu keki kwa sababu mmoja anapima na kikombe cha bati na mwingine na bilauri.

Piga gramu 150 za majarini na kikombe 1 cha sukari kwa mwiko mpaka rangi iwe nyeupe na mchanganyiko uwe mwepesi. Si kazi ya dakika mbili, pokezaneni. Ongeza mayai 3, moja moja. Kila yai livunje kwanza kwenye kikombe cha pembeni, maana yai moja viza likiingia limemaliza kila kitu. Chekecha vikombe 2 vya unga wa ngano pamoja na vijiko 2 vidogo vya bekingi pauda, uingize kidogo kidogo, ukipokezana na nusu kikombe cha maziwa. Unga ukishaingia, usikoroge kwa nguvu tena. Keki si ugali.

Katika bakuli jingine changanya jibini yako na yai 1, vijiko 3 vikubwa vya sukari, kijiko 1 kikubwa cha unga, na maganda ya limau yaliyokunwa, ile sehemu ya njano tu.

Paka sufuria ndogo mafuta na unga. Mimina theluthi mbili za unga wa keki. Dondosha jibini kwa kijiko hapa na pale, kisha matunda hapa na pale, halafu malizia na unga uliobaki. Usijali kama haufuniki kila mahali. Sasa chukua kisu, kitumbukize, ukizungushe taratibu kama mwendo wa konokono, mara 3 tu. Ukizidisha, rangi zote zinachanganyika na hutaona ule mzunguko mzuri wa njano na nyeupe ndani ya kipande. Na ule mzunguko ndio unaomfanya mtu kanisani anunue.

Kwa wanaokaa juu milimani

Jambo hili tulijifunza kwa aibu. Tulifundisha keki hii mahali pa chini, ikatoka vizuri. Tukaipeleka sehemu za Limuru, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mbele ya akina mama wengi waliokuja kwa miguu, na ikafura kama puto halafu ikaanguka katikati kama shimo la choo. Tuliwaambia ni unga mbaya. Haikuwa unga. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, haikandamizi keki sana, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda inaisukuma juu upesi kabla haijaiva na kupata nguvu ya kusimama. Mkiishi Nyandarua, Limuru au milimani kama Molo, punguzeni bekingi pauda iwe kijiko kimoja na nusu, punguzeni sukari vijiko 2 vikubwa, na ongezeni vijiko 2 au 3 vikubwa vya maziwa. Tunawaomba radhi akina mama wale.

Kuoka bila oveni

Tumia njia ya watu wa Pwani ya kupalia makaa, juu na chini. Tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, funika, weka juu ya jiko kwa dakika 10 ipate joto. Weka sufuria ya keki juu ya mchanga, funika ile kubwa kwa kifuniko cha bapa au bati, na uweke makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Makosa ya wengi ni kuacha jiko limejaa makaa, keki inaungua chini na juu bado ni uji.

Ili kujua moto, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani, ufunike dakika 5. Kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, moto unatosha. Kikiwa cheusi, ondoa makaa. Wenye oveni waweke nyuzi 175 hadi 180.

Keki hii huchukua karibu saa nzima, kwa sababu jibini ina maji. Usifunue kabla ya dakika 40. Choma kijiti kwenye sehemu ya unga, si kwenye jibini, maana jibini itashika kijiti hata ikiwa imeiva. Itoe, iache ipoe kabisa ndani ya sufuria yake. Ukikata ikiwa moto itabomoka, na watoto ndio watakaofaidi.

Hesabu

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kuna kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichouza keki kila Jumapili baada ya misa kwa miezi kadhaa. Watu walisifu, keki ziliisha, mweka hazina aliandika faida kila wiki. Lakini wanachama walianza kujitoa mmoja mmoja, na hakuna aliyesema kwa nini. Tulipokaa nao na kitabu chao, tuliona hesabu ilikuwa na vitu vya dukani peke yake. Tuseme hivi, na ninyi mbadilishe kwa bei za soko lenu: unga shilingi 25, sukari 45, majarini 60, bekingi pauda 5. Jumla 135. Keki ilikatwa vipande 16, kila kipande shilingi 20, wakapata 320. Kitabu kikasema faida ni 185.

Na mayai 4? Yalitoka kwa mama fulani: 60. Maziwa ya mama mwingine: 60. Matunda 40, limau 5, makaa 40. Hivyo ni shilingi 205 ambazo hazikuandikwa popote. Gharama ya kweli ni 340. Kila keki ilikuwa ikiwapotezea shilingi 20, na bado hatujahesabu nusu siku ya kazi. Zile 185 hazikuwa faida. Zilikuwa mayai na maziwa ya wanachama, na waliokuwa wakitoa zaidi ni wale wenye nguvu kidogo, mjane mwenye kuku wanane, ambaye aliona haya kudai.

Kwa hiyo kila kitu kinachotoka nyumbani kwa mwanachama kiandikwe kwa bei ya soko, na alipwe kwanza kabla ya kugawana. Kwa mfano wetu, mkiongeza shilingi 60 za waliofanya kazi, gharama inafika 400. Kipande kikiuzwa 30 mnapata 480, na 80 inayobaki ndiyo faida. Kama watu wenu hawawezi kununua kwa 30, kateni vipande vidogo zaidi, au oka keki ya kawaida isiyo na jibini. Msiuze kwa hasara kwa kuogopa kusemwa.

Kuuza na kuhifadhi

Keki hii haikai kama keki kavu. Bila friji, ioke jioni, iuze kesho yake, na siku ya tatu isionekane mezani. Afadhali kuoka kwa oda: ubatizo, harusi, sikukuu ya parokia. Wakati wa Kwaresima biashara hulala, hilo mlijue mapema, lakini Pasaka oda huwa nyingi na mvua huwa zimeanza au zinakaribia.

Wanaotaka kuuza sokoni au kupeleka dukani waende kwanza kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti. Na mkitaka kuuza jibini yenyewe, mbali na keki, ulizeni Bodi ya Maziwa ya Kenya kuhusu leseni.

Yale maji ya njano yaliyochuruzika kutoka kwenye kitambaa msiyamwage. Kandieni unga wa chapati badala ya maji, au pikieni uji wa watoto, una nguvu na una uchachu mtamu. Yakizidi, nguruwe anayapenda sana.