Kupatwa kwa jua 2027: Kwa nini maandalizi ya Kampala yaanze darasani?

Mchana wa tarehe 2 Agosti 2027, Mwezi utalifunika Jua kabisa kwa watu watakaokuwa katika ukanda mwembamba unaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Saudi Arabia na Yemen hadi ncha ya Somalia. Kampala iko mbali na ukanda huo. Wakazi wake wataona Jua likimegwa upande mmoja tu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sehemu ya Jua inayobaki wazi ina nguvu ya kutosha kuunguza retina, ambayo haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtazamaji huweza kugundua saa kadhaa baadaye kwamba haoni vizuri.

Kutoka hofu hadi hesabu

Uganda ina historia ndefu na matukio haya. Masimulizi yanaeleza kwamba jeshi la Bunyoro, chini ya Omukama Olimi wa Kwanza, lilikuwa likirejea na ng'ombe wa kuteka pale giza lilipoingia mchana huko Biharwe, karibu na Mbarara ya leo. Likishikwa na hofu, liliwaacha mifugo hao na kuondoka. Wanahistoria wengi hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na mnara wa kumbukumbu umejengwa mahali hapo.

Tarehe 3 Novemba 2013, hali ilikuwa tofauti. Watu walimiminika Pakwach, kaskazini magharibi mwa nchi, wakiwa tayari wanajua saa ambayo giza lingeingia. Lilidumu kwa muda usiofika nusu dakika.

Kuba linafundisha nini?

Kila baada ya takriban siku 29 na nusu, Mwezi hupita kati ya Dunia na Jua. Hata hivyo, njia yake imeinama kwa nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi kivuli chake huikosa Dunia. Jambo hilo ni gumu kulifahamu kwa mchoro wa ubaoni. Katika planetariamu, ukumbi ambao anga huoneshwa ndani ya kuba lake, mwendo wa mwezi mzima huweza kutazamwa kwa dakika chache.

Si lazima ukumbi huo uwe jengo kubwa. Nchini Kenya, shirika la The Travelling Telescope, ambalo Susan Murabana ni mmoja wa waanzilishi wake, hupeleka shuleni darubini pamoja na kuba la kujazwa hewa.

Namna ya kutazama kwa usalama

Miwani maalumu inayokidhi kiwango cha ISO 12312-2 ndiyo kinga ya kutazamia Jua moja kwa moja. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na kioo kilichopakwa masizi havifai. Beseni la maji, linalotumiwa na wengi, nalo si salama, kwani mwanga unaoakisiwa bado ni mkali mno.

Asiye na miwani atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe Jua mgongo, kisha aache mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyingine nyeupe. Umbo la Jua lililomegwa litaonekana hapo. Zoezi hilo halina gharama, na mwanafunzi anaweza kulijaribu leo kwa Jua la kawaida.