Safari Fupi Huichosha Betri

Askari aendeshaye gari kila siku kutoka kambini hadi sokoni, mwendo wa dakika tano tu, huichosha betri kuliko asafiriye kutwa nzima. Stata hunyonya umeme mwingi, mara nyingi zaidi ya ampea 100, na dinamo haipati nafasi ya kuurudisha. Upungufu huo ukidumu, salfeti hujikusanya juu ya mabamba ya risasi na kuwa ngumu. Hapo hata fundi hodari hana dawa.

Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 12 imekaribia kwisha. Watoto wasiachiwe redio injini ikiwa imezimwa. Mara moja kwa juma, gari liendeshwe nusu saa au zaidi bila kuzimwa.