Maili za ndege si akiba

Mwaka 2020, ndege zilipolazwa viwanjani kwa sababu ya Uviko-19, shirika la United la Marekani lilihitaji fedha za haraka. Kitu kilichowaridhisha wakopeshaji hakikuwa ndege wala majengo. Kilikuwa MileagePlus, mpango wake wa kuwazawadia abiria maili. United iliuweka rehani mpango huo ikapata dola bilioni 6.8. Delta ikafuata kwa dola bilioni 9, na Machi 2021 American Airlines ikakopa dola bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage, mpango wake ulioanza mwaka 1981.

Kama maili ni zawadi tu, inakuwaje ziwe dhamana ya mabilioni? Ni kwa sababu mashirika hayazigawi bure. Huziuza kwa mabenki kwa fedha taslimu, mabenki yakawagawia wateja wenye kadi, na mteja akaendelea kutumia kadi ili apate nyingine. Wakopeshaji waliyaangalia mapato hayo wakayaona yanaaminika hata wakati ambapo hakuna anayesafiri. Kwa shirika, maili ni biashara. Swali la msomaji ni hili: kwako wewe uliyezishika, ni mali ya aina gani?

Wanaohitaji jibu hapa Dar es Salaam si watalii. Ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou na Dubai mara kadhaa kwa mwaka. Wapo wanaopitia Addis Ababa na Ethiopian, wapo wa Doha na Qatar Airways, wapo wa Emirates, wapo wanaounganisha Nairobi na Kenya Airways. Kila shirika lina mpango wake: ShebaMiles, Privilege Club, Skywards, Asante Rewards. Kujiunga hakuna gharama, na anayesafiri bila kujiunga anapoteza haki yake bure. Tatizo huanza pale mtu anapoacha kuangalia nauli na kuanza kuchagua ndege kwa ajili ya maili.

Hesabu ya Guangzhou

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara anakwenda Guangzhou mara nne kwa mwaka. Kila safari anakuta nauli ya shirika lenye kadi yake iko juu kwa Sh300,000 kuliko ya mshindani, lakini analipa ili maili zisikatike. Kwa mwaka ametoa Sh1.2 milioni ya ziada, kwa miaka mitatu Sh3.6 milioni. Mwisho wa miaka hiyo anapata "tiketi ya bure" ambayo dukani ingemgharimu, tuseme, Sh2.5 milioni. Na bado kodi na tozo za viwanja atalipa mwenyewe, kwa sababu mara nyingi maili hulipia nauli tu.

Sasa tuseme hiyo Sh300,000 ingewekwa kila baada ya miezi mitatu kwenye mfuko wa uwekezaji unaozalisha asilimia 12 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu ingekuwa imefika takriban Sh4.25 milioni. Angenunua tiketi yake, akabakiwa na Sh1.75 milioni ya kuongezea mtaji.

Lakini hesabu hii haimfai kila mtu. Ethiopian imo kwenye muungano wa Star Alliance tangu Desemba 2011, na mwenye hadhi ya dhahabu ya muungano huo huongezewa begi moja, au kilo 20 pale mzigo unapohesabiwa kwa uzito. Kwa anayerudi na sampuli, vifaa vya simu na nguo za kuwahi sikukuu, begi la ziada si anasa. Kama kila safari analilipia Sh400,000, basi ile tofauti ya Sh300,000 inajirudisha na chenji juu. Msafiri huyo anafuata kilo, na maili zinakuja zenyewe. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya mpango wowote wa zawadi ni kipi kati ya wanavyokupa ungekinunua kwa fedha yako hata kama mpango usingekuwepo. Hicho kina thamani. Chumba cha kupumzikia uwanjani chenye kahawa na kochi laini, kwa mtu ambaye asingekilipia, hakina.

Nani anashika bei

Tofauti kubwa kati ya maili na uwekezaji haipo kwenye asilimia. Ipo kwenye mkataba.

Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilileta sokoni hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Aliyeweka Sh10 milioni alikuwa na uhakika wa Sh797,500 kila nusu mwaka. Mwaka uliofuata, 2022, viwango vilishushwa, na hatifungani mpya ya miaka 25 ikaja na asilimia 12.56. Lakini aliyenunua mwaka 2021 hakuguswa. Riba yake imeandikwa na haiwezi kupunguzwa kwa tangazo. Akitaka kuuza kabla ya muda, bei sokoni inaweza kuwa juu au chini ya aliyonunulia. Akitulia nayo, malipo yake ni yale yale.

Maili hazina ulinzi huo. Februari 2015 Delta iliondoa jedwali lililokuwa linamwonyesha abiria safari ipi inahitaji maili ngapi. United ikafanya hivyo mwaka 2019. Tangu hapo safari ile ile huweza kuhitaji maili nyingi leo kuliko jana, na aliyekwishakusanya hana pa kudai, kwa kuwa masharti aliyokubali siku ya kujiunga yanaliruhusu shirika kubadilisha. Tena zina muda: maili za Skywards za Emirates hufutika baada ya miaka mitatu. Wakenya waliionja hali hiyo kwenye simu mwaka 2022, kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zake za zawadi, Bonga, zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na yalionyesha ni wangapi walikuwa wakizihesabu pointi hizo kama fedha zilizowekwa.

Kwa hiyo kanuni za mali hizi mbili zinapingana. Uwekezaji mzuri hulipa subira. Maili huadhibu subira. Ukizipata, zitumie mapema, kwa safari uliyokwishapanga.

Deni linakula kabla ya zawadi

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu pointi umeandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako benki humpa mteja mpya rundo la maili kwa kuchukua kadi ya mkopo. Zawadi hizo hutokana na makato wanayotozwa wenye maduka na riba wanayolipa wanaoshindwa kumaliza deni la mwezi. Ulaya, ambako tangu mwaka 2015 sheria imeweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa makato ya benki kwenye kadi za mkopo za kawaida, zawadi ni haba. Ndugu zetu walioko Marekani wanapaswa kukumbuka kuwa riba ya kadi kule imekuwa ikizidi asilimia 20 kwa mwaka. Anayepata pointi zenye thamani ya asilimia 2 ya manunuzi, kisha akaacha deni likalala, riba inazimaliza pointi hizo ndani ya wiki sita.

Huku kwetu kadi nyingi ni za kutoa fedha yako mwenyewe, hivyo mtego huo ni mdogo. Tuna mwingine. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilipoanza Kenya Novemba 2012, mkopo wake ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Anayekopa na kulipa, kisha akakopa tena kila mwezi, kwa mwaka anakuwa amelipa asilimia 90 ya alichokopa. Mikopo ya mitaani, ile ambayo watu wenyewe wameibatiza "kausha damu", huwa mikali zaidi. Hakuna hatifungani wala mfuko halali unaoweza kushindana na deni la namna hiyo. Mwenye deni la kausha damu akilimaliza, amefanya uwekezaji bora kuliko wowote unaouzwa mjini.

Pa kuanzia

Baada ya deni, milango ipo na haihitaji fedha nyingi. UTT AMIS, kampuni ya umma ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005, huuza vipande vya mifuko ya uwekezaji kwa wananchi wa kawaida. Mfuko wake wa Ukwasi unaanzia Sh100,000, na mwekezaji akitaka kutoa fedha hulipwa ndani ya siku chache za kazi. Kenya ilifungua mlango kama huo Machi 2017 kwa M-Akiba, hatifungani ya serikali iliyouzwa kwa simu kuanzia Sh3,000 za Kenya kwa riba ya asilimia 10. Mapato ya mifuko hupanda na kushuka, hayana ahadi. Hata hivyo, mfumuko wa bei Tanzania umekuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 4 katika miaka ya karibuni, kwa hiyo mfuko unaotoa asilimia 10 au zaidi unakuza fedha kwelikweli.

Anayekuahidi kuzidisha fedha yako mara mbili kwa miezi michache hayumo kwenye hesabu hii. Mwaka 2009 serikali ilipoufunga mpango wa upatu wa DECI, maelfu ya Watanzania walikuwa "wamepanda mbegu" humo wakisubiri kuvuna. Kabla ya kutoa shilingi, uliza kama kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Jibu hupatikana kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa maili wa ughaibuni hawaligusi. Safari zetu nyingi hazipangwi miezi sita mbele. Simu inalia usiku, mjomba amefariki Bukoba, mazishi keshokutwa. Viti vya maili ni vichache na huwahiwa mapema, msibani havikupeleki. Hata mfuko wa Ukwasi unaweza kuchelewa siku mbili tatu. Kwa hiyo mfanyakazi au mfanyabiashara anahitaji fedha ya aina tatu: ya kuchukuliwa leo, iliyoko benki au kwenye simu, inayotosha nauli na rambirambi; ya kuchukuliwa wiki hii, iliyoko kwenye mfuko wa vipande; na ya kutoguswa, iliyoko kwenye hatifungani au mtaji wa biashara. Harusi, Krismasi ya Moshi, Idi ya Tanga na ada za Januari zina tarehe zinazojulikana, hivyo kila moja inaweza kuchangiwa kidogo kidogo tangu Februari.

Maili huja baada ya hayo yote, na huko nyuma ndiko kunakozifaa. Jiunge na mpango wa shirika unalolipanda zaidi, andika namba yako kila unapokata tiketi, dai maili za safari ambazo hazikuingia, halafu nunua nauli iliyo nafuu kama mtu asiye na kadi. Ukiona umelipa zaidi kwa ajili ya zawadi, ujue zawadi hiyo umeinunua, tena kwa bei aliyoipanga muuzaji.