Ukibadilisha breki za gari kuukuu, usisahau kanyagio

WENYE magari ya zamani katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma wanapoondoa breki za ngoma na kuweka za diski zenye busta, wengi hudhani kazi imekwisha mara tu magurudumu yanaporudishwa. Sivyo. Kanyagio nalo sharti lipimwe upya.

Chukua mfano wa Land Rover za Series, zilizoundwa kati ya 1948 na 1985. Zilitoka kiwandani zikiwa na breki za ngoma mbele na nyuma. Kitale iko yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma yapata mita 1,400. Gari lililosheheni magunia ya mahindi likishuka huko, ngoma hupata moto na breki hulegea. Diski hupoa upesi zaidi, ndiyo sababu wengi huzitamani.

Jambo la kwanza ni uwiano wa kanyagio. Breki zisizo na busta huhitaji uwiano wa takriban sita kwa moja: dereva akikanyaga kwa uzito wa kilo 10, fimbo husukumwa kwa kilo 60. Zenye busta hutosheka na takriban nne kwa moja. Uwiano wa zamani ukiachwa, breki hushika kwa ghafla hata zikiguswa kidogo, na barabara ya murram ikilowa, gari huteleza. Kwa hiyo fimbo huhamishwa hadi tundu lililo karibu zaidi na mguu wa dereva.

La pili ni nafasi kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta silinda. Yafaa iwe kama milimita moja. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho, mafuta ya breki hayapati njia ya kurejea kwenye kikopo chake, na pedi huendelea kusugua diski. Joto hupanda, mafuta huchemka, na kanyagio huzama hadi sakafuni. Ikiwa fupi mno, kanyagio huenda chini sana kabla ya breki kushika.

Tatu, iwapo swichi ya taa za breki hubonyezwa na kanyagio, irekebishwe pia, la sivyo anayekufuata hatajua kuwa unasimama.

Kisha jaribu. Inua gari kwa jeki. Kila gurudumu lizunguke bila kukwama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa, shikilia, halafu washa. Kanyagio likishuka kidogo, busta inafanya kazi. Lisiposhuka, kagua mpira unaovuta hewa. Injini ya dizeli huhitaji pampu maalumu ya kuvuta hewa hiyo.

Ikumbukwe kwamba Kitale mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja kwa tano ukilinganishwa na Mombasa, hivyo msaada wa busta nao hupungua.

Mwisho, wapo madereva wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwa gari lenye busta, hilo ni kujichimbia kaburi. Baada ya kukanyaga mara chache msaada huisha, na kanyagio, ambalo uwiano wake umepunguzwa, huwa gumu kama jiwe.