Majibizano Yaliyoundwa Studioni: Historia ya Wimbo "Ain't No Mountain High Enough" na Marudio Yake

Wimbo "Ain't No Mountain High Enough" hutajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha majibizano katika muziki wa soul wa Marekani. Mwanamume anaahidi, mwanamke anajibu, na sauti zao zinapishana hadi zinapokutana katika kiitikio. Makala haya yanafafanua jinsi wimbo huo ulivyotungwa, ulivyorekodiwa na ulivyorudiwa, na yanadai kwamba mpaka kati ya wimbo asilia na marudio yake ni finyu kuliko inavyodhaniwa.

Watunzi wake ni Nickolas Ashford na Valerie Simpson. Inasimuliwa kwamba mwimbaji wa Uingereza, Dusty Springfield, aliutaka, nao wakamnyima kwa sababu walikusudia uwafungulie mlango wa Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya mjini Detroit. Mlango ulifunguka. Mwaka 1967 Harvey Fuqua na Johnny Bristol waliusimamia studioni, ukaimbwa na Marvin Gaye na Tammi Terrell na kutolewa kwa nembo ya Tamla. Ulifika nafasi ya 19 katika chati kuu ya Billboard na ya 3 katika chati ya muziki wa R&B.

Jambo linalopaswa kumshughulisha mtafiti ni namna ulivyorekodiwa. Terrell aliimba sehemu zake peke yake. Sauti ya Gaye iliongezwa baadaye. Kwa hiyo, mazungumzo ambayo msikilizaji huyapokea kama ya ana kwa ana yaliunganishwa na mitambo, na jibu la mwanamke lilikuwa limekwisha kurekodiwa kabla ya wito wa mwanamume. Uhakiki unaousifu wimbo huu kwa sababu tu waimbaji "walikuwa pamoja" unasifu kitu ambacho hakikutokea. Kinachostahili sifa ni ustadi wa Terrell wa kumjibu mtu asiyekuwapo, pamoja na ustadi wa Gaye wa kuingia katika nafasi alizoachiwa bila kuzijaza kupita kiasi.

Mnamo Oktoba 1967 Terrell alianguka jukwaani akiwa na Gaye, ikagundulika kwamba alikuwa na uvimbe katika ubongo. Alifariki dunia tarehe 16 Machi 1970, akiwa na umri wa miaka 24.

Mwaka huohuo wimbo ulizaliwa upya. Diana Ross alikuwa amekwisha kuuimba mwaka 1968, wakati kundi la Supremes liliposhirikiana na Temptations, lakini toleo lake la pekee la mwaka 1970 ni jambo jingine kabisa. Wasimamizi wake walikuwa Ashford na Simpson wenyewe. Walirefusha wimbo hadi yapata dakika 6, wakageuza beti kuwa maneno ya kunena, na wakakiahirisha kiitikio kikuu hadi karibu na mwisho, huku okestra na waitikiaji wakipanda hatua kwa hatua. Mkuu wa Motown, Berry Gordy, hakuridhishwa na subira hiyo ndefu. Hata hivyo, toleo lililofupishwa lilishika nafasi ya 1 nchini Marekani mnamo Septemba 1970.

Badiliko kubwa zaidi liko katika nafsineni. Katika wimbo wa wawili, kila ahadi hupata jibu papo hapo, na msikilizaji ni shahidi tu. Ross anaahidi, lakini mpendwa wake hajibu. Waitikiaji walio nyuma yake hawasemi kwa niaba ya mtu huyo. Dokezo la utengano lililomo katika matini, ambalo kasi na uchangamfu wa mwaka 1967 viliifanya lisisikike sana, sasa linabeba wimbo mzima. Maneno ni yaleyale kwa sehemu kubwa. Hali ya anayeyasema ndiyo iliyobadilika. Kwa kuwa watunzi ni walewale, hoja kwamba marudio huenda kinyume na nia ya mtunzi haina mashiko hapa.

Matoleo yaliyofuata yalichagua upande. Kundi la Inner Life, likiongozwa na sauti ya Jocelyn Brown, liliupeleka wimbo katika disko mwaka 1981, likichukua kile kilele ambacho Ross alikichelewesha na kukirefusha kwa ajili ya wachezaji. Boys Town Gang wa San Francisco walifanya jambo linalokaribiana na hilo. Michael McDonald, mwaka 2003, aliuimba kwa heshima kubwa mno kiasi kwamba haongezi mengi.

Vipimo vya mafanikio navyo havikubaliani. Kwa kigezo cha chati, toleo la Ross limelishinda la mwaka 1967 kwa mbali. Lakini ni rekodi ya Gaye na Terrell iliyoingizwa katika Jumba la Heshima la Grammy mwaka 1999, na ndiyo iliyotumiwa katika filamu "Remember the Titans" ya mwaka 2000, ambamo vijana weusi na weupe wa timu moja wanajifunza kuishi pamoja. Filamu hiyo iliuhitaji wimbo wa watu wanaojibizana, na ikaupata katika sauti mbili zilizorekodiwa kwa nyakati tofauti.