BANGI MWITU: MGENI ASIYEALIKWA

Kama umewahi kupalilia mahindi, bila shaka mmea huu unaujua. Ukiugusa tu, mikono inanuka mpaka jioni. Wengi tunauita bangi mwitu kwa vile majani yake yanafanana na ya bangi. Lakini usitishike! Si bangi hata kidogo. Ni wa jamii moja na alizeti.

Wataalamu huuita Tagetes minuta, jina alilolitoa Linnaeus mwaka wa 1753. Minuta ni Kilatini, maana yake "dogo". Ajabu ni kwamba mmea wenyewe waweza kufikia mita 2! Kilicho kidogo ni kiua chake.

Je, kwao ni wapi? Ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Argentina, Bolivia na Peru. Huko Peru ni kiungo cha jikoni kiitwacho huacatay. Majani yake husagwa pamoja na pilipili na njugu, ukapatikana mchuzi mzito wa kulia viazi.

Ulisafirije basi? Mbegu zake ni nyeusi, nyembamba, nazo hunasa kwenye nguo na manyoya ya wanyama. Kule Afrika Kusini husimuliwa kuwa uliingia na chakula cha farasi wa jeshi la Uingereza wakati wa vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902. Kwa kuwa askari hao walivaa kaki, mmea nao ukabatizwa kakiebos, yaani kichaka cha kaki.

Hapa kwetu mkulima analia. Mmea huu hunyang'anya mahindi na maharagwe maji na mbolea, na ng'ombe akiula, maziwa hunuka. Hata hivyo, una wema wake. Mizizi yake hutoa sumu inayoua minyoo midogo ya udongoni inayoharibu mazao. Kina mama huutandika kwenye viota vya kuku kufukuza viroboto. India na Afrika Kusini hutoa mafuta yake ya kutengenezea manukato.

Tufanyeje basi tukishika majembe? Tuung'oe kabla haujachanua, maana mbegu zikikauka utazibeba mwenyewe kwenye soksi hadi shamba jingine. Ukishaung'oa, usiutupe; wapelekee kuku viotani. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hatukumwalika, lakini maadamu keshafika, tumpe kazi!