Zawadi ya kroshe: angalia uzi kwanza

Diploma iko mkononi, kazi bado, na kwenu kuna arusi. Zawadi itatoka wapi? Wengi wetu tunakimbilia kroshe: sindano moja ya ndoano, uzi, na masaa ya jioni.

Kosa kubwa njo hili: kuchagua uzi kwa rangi tu. Akriliki ni aina ya plastiki. Inafaa kwa kofia ama shali, juu ni nyepesi na kufua ni rahisi. Lakini ukifuma nayo kitambaa cha kushikia sufuria, moto wa mbabula unaiyeyusha na inanata ku ngozi. Kwa vitu vya jikoni chukua pamba, fuma vipande viwili, uvishone pamoja, juu kroshe ina matundu.

Una mashaka? Choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani ya chuma: pamba inaacha majivu laini, akriliki inaacha donge gumu.

Mimi nilijifunza hiyo ku vidole vya dada yangu mkubwa, wiki moja nyuma ya arusi yake. Alinihurumia, hakukitupa, alikitundika ukutani. Kile cha pamba nilimfumia kisha, njo anapikia mpaka leo.